Anza na Kile Unachokikalia

Mwenyekiti, wakongwe wa barabara, na ninyi wageni mliojipanga viti vya nyuma kama wanafunzi wanaoogopa kuitwa ubaoni: hamjambo?

Nimeombwa niseme kuhusu kuchagua vifaa vya baiskeli ya mbio na mavazi yake. Kwa kawaida msemaji wa mada hii huanza na fremu, akahamia kwenye gia, akakaa huko saa nzima, halafu mavazi akayapitia mbio mbio watu wakiwa wameshaanza kutafuta funguo zao. Mimi leo nitaanza na makalio. Wazee mnisamehe, lakini sijaona njia ya kuizungumzia baiskeli bila kuyataja.

Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikajinyima miezi kadhaa, nikapata fedha za kununua magurudumu mepesi. Siku nilipoyafunga niliiinua baiskeli kwa vidole viwili, nikawaita watu waje waone. Wiki ile ile nikatoka kwenda kilomita 60. Nilipofika ya 35 nilikuwa nimesimama juu ya pedali, na wala hapakuwa na mlima. Barabara ilikuwa tambarare kama meza. Nilisimama kwa sababu kukaa kulishanishinda. Ndani ya kaptura nilikuwa nimevaa chupi ya pamba, ile yenye mshono mnene pembeni, na nilipofika nyumbani nikakuta mshono umejichora kwenye ngozi, mstari mwekundu, umechunika sehemu mbili. Siku tano sikupanda baiskeli. Magurudumu mepesi yalikuwa ukutani yananitazama.

Wala msidhani ni mambo ya wanagenzi tu. Mwaka 1989 mwendeshaji Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour de France, yale mbio makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, akiwa mbele ya mpinzani wake Greg LeMond kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5 za kukimbia dhidi ya saa. Mtu aliyekwisha kulichukua shindano lile mara mbili. Alishindwa kwa sekunde 8. Watu wengi hukumbuka usukani wa LeMond, ule uliomlaza mbele kama mtelezaji, na jinsi Fignon alivyokwenda bila helmeti, nywele zake zimefungwa nyuma zikipepea. Ni kweli, upepo ulimla. Lakini Fignon alikuwa na kidonda pale anapokalia, kilichomsumbua siku zile za mwisho hata usingizi ukamkimbia. Baada ya wiki tatu za milima, jambo moja lililomfuata hadi Paris ni jeraha dogo ambalo huwezi hata kumwonyesha mwandishi wa habari.

Kwa hiyo kila anayeniuliza, “Ninunue gia gani?” nami humuuliza, “Unakalia nini?”

Mwili unaigusa baiskeli mahali patatu: kwenye kiti, kwenye usukani, na kwenye pedali. Halafu kuna mahali pa nne, pale baiskeli inapogusa barabara, yaani matairi. Mwenye fedha kidogo azimalizie hapo pane kwanza. Yaliyobaki yanaweza kungoja.

Tuanze na kiti. Mgeni akiingia dukani hukibonyeza kiti kwa kidole gumba, akikuta ni laini hufurahi. Ule ulaini ni mtego. Kuna mifupa miwili chini ya makalio, na hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba uzito wako. Kiti laini kupita kiasi huifanya mifupa izame, na ikishazama, sponji inapanda juu katikati na kubonyeza nyama na mishipa isiyopaswa kubonyezwa. Ganzi unayoisikia ukishuka ndiyo hiyo. Mtu akipata ganzi asijisifu kwamba anazoea. Abadilishe kiti au namna kilivyoinamishwa.

Kinachotakiwa ni upana unaolingana na mifupa yako, na kuupima si kazi. Chukua kipande cha kadibodi, ile yenye mawimbi ndani. Kiweke juu ya ngazi au kiti kigumu, ukikalie, uvute magoti juu kidogo, uiname mbele kama umeshika usukani, uhesabu mpaka 30. Ukiinuka utaona mashimo mawili. Kama huyaoni, yapapase kwa kidole. Pima toka katikati ya shimo hili mpaka katikati ya lile, ongeza sentimeta mbili hivi, huo ndio upana wa kuanzia. Unene wa mtu hauna uhusiano na kipimo hiki. Nimemwona mtu mwembamba kama fito ana mifupa iliyoachana kuliko ya bondia. Kwa jumla wanawake huwa na nafasi kubwa zaidi kati ya mifupa hiyo, ndiyo maana dada akiazima baiskeli ya kaka yake anateseka, halafu anaambiwa yeye ni mlegevu. Siyo ulegevu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Urefu wa kiti nao una hesabu yake, na ni LeMond huyu huyu aliyeifanya ijulikane. Simama pekupeku mgongo ukiwa ukutani, weka kitabu katikati ya miguu, ukivute juu kwa nguvu kama kwamba kitabu ndicho kiti, mtu akupimie toka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimeta 80 anapata kama 70 na nusu: huo ni umbali toka katikati ya ekseli ya krenki, pale mikono ya pedali inapokutana, mpaka juu ya kiti. Hakikisha kwa kisigino. Ukikanyaga pedali ya chini kwa kisigino, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikosea hapa, goti litakuambia: kiti kikiwa chini sana maumivu huja mbele ya goti, kikiwa juu sana huja nyuma.

Fremu nitasema sentensi chache tu. Alumini, chuma, kaboni, zote zinakwenda. Alumini nzuri inaipita kaboni ya bei ya chini mara nyingi kuliko wauzaji wanavyokubali. Ila saizi ndiyo isiyosamehe: shingo ya usukani unaweza kubadilisha, kiti unaweza kukisogeza, lakini fremu iliyo kubwa kwako itabaki kubwa mpaka siku utakayoiuza. Na ukiwa katikati ya saizi mbili, na huna kawaida ya kuinama sana, angalia ni ipi inayokuweka vizuri mikononi, usiangalie ipi inapendeza kwenye picha.

Sasa mavazi. Hapa nitakaa.

Kaptura ya baiskeli ina pedi ndani. Zamani pedi hiyo ilikuwa ngozi halisi ya mnyama, ikikauka inakuwa ngumu kama gome, mpaka waipake mafuta kabla ya safari. Siku hizi ni povu na kitambaa cha kisasa. Kazi yake kubwa ni kuzuia msuguano na kunyonya jasho. Kukuwekea mto ni kazi ya pili. Na kwa sababu ni ya kuzuia msuguano, inavaliwa juu ya ngozi tupu. Narudia kwa wale mnaotazamana: ndani yake hakuna chupi. Ukivaa chupi umeurudisha ule mshono ambao mtengenezaji alihangaika kuuondoa. Mimi nililipia somo hili kwa ngozi yangu, ninyi nawapa bure.

Inafuliwa kila ukirudi. Kila ukirudi. Haianikwi ikanuswa, ikaonekana inafaa, ikavaliwa kesho. Jasho lililokauka ni shamba la bakteria, na kidonda cha kiti huanza na tundu dogo la nywele lililoingiwa na uchafu. Usitumie vile vimiminika vya kulainisha nguo, vinaziba nyuzi. Ukifika nyumbani, ivue kwanza, hadithi za safari zifuate baadaye.

Nawashauri mnunue yenye mikanda ya mabegani. Wengi huona aibu, wanasema inafanana na nguo ya mwanamieleka. Lakini ukiwa umeinama saa mbili, mpira wa kiunoni unakata tumbo, na kila ukiinuka na kukaa kaptura inateremka, pedi inahama. Mikanda inaishika pedi mahali pake. Dada zetu wana swali la haki hapa: ukiwa na mikanda, haja inakuwaje? Kuna aina zenye kifungo cha nyuma au mkanda unaovutika, lakini aina zinatofautiana. Jaribuni hiyo sehemu dukani kabla ya kununua, na msimwonee haya muuzaji. Pedi nayo iwe ya umbo la kike. Siyo ile ile iliyobadilishwa rangi.

Jambo moja la kioo. Mtu huvaa kaptura na jezi, husimama wima mbele ya kioo, anaona mikanda inambana mabega na jezi imekuwa fupi mbele, basi anachukua saizi kubwa. Mavazi haya hayakushonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Inama, shika magoti kama umeshika usukani, kaa hivyo dakika moja. Utaona mikanda imelegea, jezi imefika kiunoni, na mgongo wake mrefu umekufunika vizuri. Ile saizi kubwa uliyotaka ingekuwa inapepea kama tanga, na tanga juu ya baiskeli hukurudisha nyuma. Kwenye tambarare, ukishapita kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inakwenda kupigana na hewa. Jezi inayobana vizuri inakusaidia kuliko boliti za titani.

Jezi ya pamba iacheni nyumbani. Pamba inakunywa jasho na hailitoi. Unapanda mlima umelowa, unateremka upepo unakuganda kifuani. Jezi ya kazi hii inalipitisha jasho nje, na ina mifuko mitatu nyuma. Ukitoka asubuhi yenye baridi, ujisikie baridi kidogo dakika kumi za kwanza. Ukitoka ukiwa na joto la raha umevaa kupita kiasi. Chukua kizibao kisicho na mikono kinachokunjika mpaka kuingia mfukoni, na mikono ya kuvaa na kuvua. Waendeshaji wa zamani walipofika kileleni walipokea gazeti toka kwa mtazamaji, wakaliingiza kifuani ndani ya jezi, wakateremka nalo. Linazuia upepo vizuri kabisa, na mimi nimeshawahi kufanya hivyo, ingawa wino ulibaki tumboni siku mbili.

Rangi? Vaa unayoipenda, ila miguuni weka kitu kinachong’aa. Soksi za rangi kali, au kitambaa kinachorudisha mwanga kwenye vifundo. Dereva anayekuja nyuma yako anaona kitu kinachopanda na kushuka, na akili yake inatambua mara moja kwamba pale kuna binadamu.

Glovu: viganja ndivyo vinavyotangulia kufika chini ukianguka, basi. Na miwani, kwa ajili ya wadudu. Aliyewahi kupigwa na mdudu jichoni kwenye mteremko hahitaji maelezo. Helmeti ikae usawa juu ya paji la uso, isirudi nyuma kama kofia ya mtu aliye harusini, mikanda ikutane chini ya masikio, na kidevuni paingie vidole viwili tu. Ikishapigwa chini kwa nguvu katika ajali, iage, hata kama huoni ufa. Povu lake hufanya kazi kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi.

Viatu vya kujifunga kwenye pedali vina raha yake, lakini havina haraka. Endesha miezi ya kwanza na pedali za kawaida ukijifunza kuweka breki na kupita kona. Ukiwa tayari, kuna njia mbili: vibamba vya chini ya kiatu vya boliti mbili, vilivyozama ndani ya soli, ambavyo unaweza kutembea navyo mpaka dukani, na vya boliti tatu, vipana, vinavyokufanya utembee kama bata. Wa kuanzia nampa vya boliti mbili, na chemchemi ya pedali ilegezwe mpaka mwisho. Hata hivyo utaanguka. Utaanguka ukiwa umesimama kabisa, kwenye taa nyekundu, mbele ya watu, polepole kama mti uliokatwa. Sote tumeanguka. Mwenyekiti wenu ameanguka mara mbili; nilikuwepo.

Matairi. Miaka ya nyuma kila mtu alitaka ya upana wa milimita 23, yamejazwa upepo mpaka yanalia kama mbao. Tuliamini gumu ndilo linalokimbia. Kwenye kioo ni kweli, lakini sisi hatupiti kwenye kioo. Tairi gumu juu ya lami yenye chembechembe hurukaruka, na kila mruko unainua baiskeli na wewe uliye juu yake. Nguvu hiyo ya kuinua imetoka miguuni mwako, halafu inapotelea kwenye mikono na mgongo. Tairi la 28 lenye upepo kiasi linameza vile vijiwe na kuendelea. Mtu wa kilo 70 akiwa na 28 aanzie paundi 70 hivi za upepo, nyuma zaidi kidogo kuliko mbele, kisha apunguze au aongeze mbili mbili mpaka apate pake. Kabla ya kununua chungulia nafasi kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na kwenye breki: fremu nyingi za zamani haziruhusu zaidi ya 25. Na kama bajeti inakuruhusu kupandisha daraja kitu kimoja tu kwenye baiskeli uliyo nayo, pandisha matairi. Hakuna kinachobadilisha baiskeli kwa haraka hivyo.

Haya, gia, maana naona mnazingoja.

Mtasikia majina ya watengenezaji na ya seti zao za gia. Shimano: Claris yenye gia 8 nyuma, Sora yenye 9, Tiagra yenye 10, halafu 105, Ultegra na Dura-Ace. SRAM: Apex, Rival, Force, Red. Ukipanda ngazi unapata wepesi, ulaini wa kubadilisha, na mara nyingine gia zaidi nyuma. Ila mlima hausomi jina lililoandikwa kwenye krenki. Mlima unahesabu meno.

Tupige hesabu. Gurudumu likizunguka mara moja unakwenda kama mita 2.1. Baiskeli ya mbio ya zamani ilikuwa na meno 39 kwenye duara dogo la mbele na 25 kwenye kubwa la nyuma. Kwenye mlima unaokupa kilomita 8 kwa saa, miguu itazunguka mara 41 kwa dakika. Hiyo ni kusaga mahindi. Weka 34 mbele na 28 nyuma, unapata 52. Weka 34 mbele na 34 nyuma, unapata 63, na goti linapumua. Ni mlima ule ule, mwendo ule ule, mapafu yale yale. Kwa hiyo dukani usiulize ni seti gani. Inama nyuma ya gurudumu, tafuta duara kubwa kabisa la kaseti, yaani yale maduara ya meno ya nyuma, hesabu meno au soma namba iliyochongwa pale. Ukikuta 32 au 34 na mbele kuna 34, hiyo Claris itakufikisha juu ukiwa umekaa, wakati mwenzako mwenye Dura-Ace na meno 25 anasukuma kwa miguu. Ukitaka kubadilisha kaseti baadaye, muulize fundi kama mkono wa nyuma wa kubadilishia gia unafikia meno hayo, mifupi haifiki. Na usichanganye vya gia 8 na vya 10, mnyororo na vishikio vya kubadilishia gia havitaelewana.

Breki za diski ni nzuri, hasa kwenye mvua. Breki za rimu zilizotunzwa zinasimamisha vizuri tu. Usiiache baiskeli inayokuenea kwa sababu ya breki.

Kuhusu uzito, kwa vile nami niliugua ugonjwa huo, niseme hivi. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, kwa hiyo hata mabingwa wana mpaka. Wewe na baiskeli yako mna kilo 85, tuseme. Unanunua vitu vinavyopunguza gramu 500. Kwenye mlima wa dakika 20 utakuwa umeokoa sekunde 7. Saba. Mimi dakika niliyopoteza nimesimama juu ya pedali kwa sababu ya chupi ingenunua magurudumu mangapi mepesi?

La mwisho kwenye vifaa ni mnyororo, kwa sababu ndio mdogo unaoua wakubwa. Chukua rula, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24. Ukiwa mpya utasoma milimita 304.8. Ukizidi hapo kwa milimita moja na nusu, ubadilishe wiki hiyo hiyo. Ukiuacha, utakula meno ya kaseti, kisha ya mbele, na siku utakapoweka mnyororo mpya utaruka-ruka juu ya meno yaliyoliwa na itabidi ununue vyote. Ufute kwa kitambaa kila ukirudi, tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha ufute tena yaliyozidi. Mafuta ya nje hayafanyi kazi yoyote isipokuwa kukusanya mchanga.

Basi. Pale mlangoni nimeacha rundo la kadibodi na rula mbili, na kuna ngazi nzuri nje. Wakina dada watangulie upande wa kulia, wanaume kushoto, kila mtu aandike kipimo chake kwenye kipande chake na aondoke nacho. Maswali ya gia nitayajibu kwa yule atakayenionyesha mashimo yake mawili kwanza.